Michirizi Kifuani kwa Binti: Tuulize Kwanza

Binti alikuwa amerudi nyumbani Ikungi, mkoani Singida, kwa sikukuu ya Krismasi, baada ya mwaka mmoja na nusu wa kufanya kazi za ndani Dar es Salaam. Aliondoka akiwa na umri wa miaka 17, mwembamba kama ufito. Alirudi na miaka 19 karibu inatimia, amejaa, ngozi inang'aa, na vitenge viwili mkobani kwa ajili ya mama yake na shangazi yake. Siku ya pili asubuhi yule shangazi alimpelekea maji ya kuoga kwenye bafu la mabua nyuma ya nyumba, akamkuta amejifunga kanga kiunoni. Akaona kwenye matiti yake mistari mingi ya rangi ya zambarau, ikishuka kutoka juu ya titi kuelekea kwenye chuchu. Hakusema neno. Aliweka ndoo chini, akaenda moja kwa moja jikoni kwa mama wa binti.

"Wifi," alisema, "huyu mtoto amezaa huko mjini. Na kama hakuzaa, basi ameitoa."

Mama wa binti ndiye aliyetusimulia habari hii mwenyewe, akatuomba tuiandike bila kutaja jina lake wala kijiji chake. Anasema usiku ule hakulala. Mshenga alikuwa ameshafika mwezi uliotangulia, na wazee walikuwa wameanza kuzungumza habari za ng'ombe. Hadi jioni nyumba tatu za jirani zilikwisha kusikia. "Nilikuwa nimeshika fimbo," alituambia, "ila sikujua nimpige kwa kosa gani."

Wapendwa akina mama, habari ya namna hii si ngeni kwetu. Tumeisikia kwenye vikundi vya akina mama, tumeisikia kisimani, na wengine tumewahi kuisema sisi wenyewe juu ya binti wa mwenzetu. Binti akionekana na michirizi kifuani, hasa ikitokea ghafla, watu husema mambo mawili: ama amebeba mimba, ama matiti yake yamechezewa. Ndiyo maana mwezi huu tumeona tulizungumze jambo hili kwa uwazi, ingawa ni la sehemu za mwili ambazo si desturi yetu kuzitaja mbele za watu.

MICHIRIZI NI NINI HASA?

Wakulima wa alizeti wa Singida wataelewa upesi. Ukijaza gunia taratibu, nyuzi zake hupata nafasi ya kujipanga. Ukilishindilia kwa haraka, gunia halipasuki, lakini ukiliangalia kwenye mwanga utaona mahali ambapo nyuzi zimeachana. Ngozi yetu nayo ina tabaka la juu, lile tunaloliosha na kulipaka mafuta, na chini yake kuna tabaka nene lenye nyuzi imara zinazoifanya ivutike na kurudi. Mwili ukipanuka haraka kuliko nyuzi zile zinavyoweza kufuata, nyuzi hukatika huko chini. Ngozi ya juu hubaki nzima. Tunachokiona kama mstari ni kovu lililo ndani.

Mistari ikiwa mipya huwa na rangi nyekundu au zambarau, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi mara nyingi huonekana ya kahawia iliyokolea. Huweza kuwasha kidogo, na huweza kuvimba kidogo ukiipapasa. Baada ya miezi mingi, pengine mwaka au zaidi, hupauka na kuwa myeupe au ya rangi ya majivu, ikalala sawa na ngozi. Haiambukizi. Haitokani na uchafu. Wala hakuna mkono wa mwanamume unaoweza kuichora kwa kushika.

Matiti ya msichana huanza kuchipua kati ya umri wa miaka 8 na 13, kwa kawaida kabla ya kuvunja ungo, na huendelea kukua kwa miaka kadhaa. Kwa wengine hukua polepole. Kwa wengine hukaa kimya, kisha katika miezi michache hujaa mara moja, na michirizi ikatokea hapo, na kwenye mapaja na nyonga pia. Jambo hili ni la kurithi kwa sehemu kubwa. Mama mwenye michirizi asishangae binti yake akiipata. Hebu tujiangalie wenyewe kwanza kabla ya kumwangalia mtoto!

Na hapa tuseme jambo moja linalotuudhi. Mvulana anayerefuka kwa ghafla naye hupata michirizi, mara nyingi kiunoni kwa nyuma, mistari iliyolala kama ngazi. Mama huiona anapomkuta mwanawe amevua shati akichota maji, na husema tu, "Kijana amekua." Hakuna anayemwuliza amelala na nani.

Umri wa balehe ukipita, bado kuna kunenepa. Mabinti wengi wa mikoa yetu ya kati huondoka nyumbani wakati wa kiangazi, chakula kikiwa cha kupima, wakaenda mijini kwenye nyumba ambamo kuna wali, chapati na soda. Mwili uliokuwa ukingojea chakula hukipokea kwa pupa. Kilo kumi zinaweza kuongezeka kabla ya mwaka kwisha, na titi, ambalo sehemu yake kubwa ni mafuta, hujaa pamoja na mwili. Wanafunzi wanaokwenda shule za bweni zenye chakula kizuri huweza kupatwa na hali hiyo hiyo.

JE, HAIWEZI KUWA MIMBA?

Inaweza. Hatutawadanganya. Mimba hukuza matiti haraka, na wanawake wengi hupata michirizi wakiwa wajawazito, tumboni zaidi, na kifuani pia. Lakini michirizi peke yake haiwezi kukuambia kama binti ana mimba, kama amezaa, au kama ameharibu mimba. Daktari bingwa hawezi kulisema hilo kwa kuangalia mistari, sembuse shangazi aliyebeba ndoo ya maji. Dalili ya kuuliza ni kukosa siku zake, na jibu linapatikana zahanati kwa kipimo cha mkojo, katika dakika chache. Kwa hiyo mwenye mashaka asikae akihesabu mistari.

Tunamkumbuka Hana, mke wa Elkana. Aliomba hekaluni midomo ikicheza bila sauti, na kuhani Eli, mtumishi wa Mungu wa miaka mingi, akamtazama midomo akaamua kwamba amelewa. Alikosea. Lakini tunampa Eli sifa moja: Hana alipojibu, alimsikiliza, akayageuza maneno yake palepale. Si kila mzee hufanya hivyo.

Sisi wa Singida tuna sababu yetu wenyewe ya kuogopa kusoma mwili wa mtoto wa kike kana kwamba ni barua ya mashitaka. Tunayo habari ya lawalawa. Wengi wenu mmeisikia kwa bibi zenu. Mtoto wa kike akipata muwasho, usaha au maumivu sehemu za siri, iliaminika kwamba ni hasira ya mizimu, na dawa yake ilikuwa wembe wa ngariba. Watoto wachanga wamekeketwa kwa imani hiyo, Singida na kwa jirani zetu wa Dodoma pia. Na kile kilichoitwa lawalawa, walipokiangalia watu wa afya, kilikuwa ni maambukizi ya kawaida ya njia ya mkojo na ya sehemu za siri, ambayo maji safi, sabuni na dawa za zahanati huyaponya. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta kwamba karibu wanawake 31 katika kila 100 mkoani kwetu walikuwa wamekeketwa. Michirizi si lawalawa, na fimbo si wembe. Lakini mwanzo ni ule ule: alama imeonekana, mtoto hajaulizwa, na hukumu imeshatoka.

TUKAANGALIE NDANI YA KOPO

Tukirudi kwa binti wetu wa Ikungi. Asubuhi yake mama aliiacha fimbo nyuma ya mlango, akamchukua binti wakaenda kituo cha afya. Anasema alikwenda kwa hasira, ili apate ushahidi. Muuguzi aliyewapokea alikuwa mama mtu mzima. Aliwasikiliza wote wawili, kisha akasema, "Mama, naomba utungoje nje kidogo, niongee na binti yangu." Mama hakupenda, ila alitoka.

Muuguzi alimwuliza binti habari za siku zake, akamwomba ruhusa ya kupima mkojo, akampima uzito na shinikizo la damu. Mimba haikuwapo. Ndipo akamwuliza swali ambalo mama hakulifikiria usiku kucha: "Unajipaka nini?"

Binti alikuwa nalo mkobani. Kopo dogo la plastiki, halina karatasi wala jina, ndani yake mkorogo wa rangi ya maziwa. Alilinunua kwa dada mmoja anayechanganya krimu mtaani, akajipaka uso, shingo na kifua asubuhi na jioni kwa muda wa miezi saba, apate kung'aa.

Akina mama, hapa tukae kidogo, maana ndipo penye hatari yenyewe. Krimu nyingi za kujichubua huchanganywa na dawa kali za jamii ya steroidi, kama vile klobetasoli na betamethasoni. Dawa hizi zina kazi yake ya halali. Daktari humpa mgonjwa wa ngozi kipande kidogo apake mahali penye ugonjwa, kwa siku chache anazomhesabia. Zikipakwa kila siku kwa miezi, huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya vitumbua, huzikata nyuzi zile za chini, na michirizi hutokea hata kwa mtu ambaye hakunenepa gramu moja. Mahali penye ngozi laini na pa kufunikwa, yaani kifuani, chini ya matiti, kwapani na mapajani, dawa hupenya zaidi. Michirizi ya namna hii huwa mipana, na kovu lake halifutiki.

Kuna na zebaki, na haidrokwinoni, ambazo nazo zimekutwa kwenye vipodozi vya kujichubua. Zebaki huharibu figo. Nchini kwetu vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku. Kazi ya kuvidhibiti ilikuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, na tangu mwaka 2019 iko mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Lakini shirika haliwezi kusimama mlangoni kwa kila anayekoroga krimu uani kwake. Anayesimama karibu na mtoto ni mama.

Steroidi huingia mwilini kwa mlango mwingine pia, nao ni vidonge vya kunenepa. Vidonge vya deksamethasoni na prednisoloni ni dawa za kuokoa maisha ya wagonjwa wa pumu na magonjwa mengine, lakini wako wanaovimeza ili mashavu na nyonga vijae upesi. Anayevitumia muda mrefu huweza kuona uso umekuwa wa duara kama sinia, tumbo na mgongo wa juu vimejaa huku miguu ikikonda, na michirizi mipana ya zambarau tumboni, kifuani na mapajani. Shinikizo la damu hupanda, na sukari nayo. Mara chache hali hiyo hutokea bila mtu kumeza dawa yoyote, kwa sababu tezi za mwili zenyewe zinatoa homoni kupita kiasi. Daktari wa Marekani, Harvey Cushing, ndiye aliyeueleza ugonjwa huo, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Binti mwenye dalili hizo asitibiwe nyumbani. Apelekwe hospitali.

Na tafadhali, mama ukigundua kwamba binti yako amekuwa akimeza vidonge hivyo kwa wiki nyingi, usivitupe chooni kwa hasira siku hiyo hiyo. Mwili ukizoea steroidi za kumeza huacha kutengeneza za kwake, na kuzikatiza ghafla kunaweza kumwangusha mtu, hata kumwua. Beba vidonge vyenyewe, nenda naye kwa daktari, apunguziwe kidogo kidogo.

Wengine huuliza juu ya sindano ya uzazi wa mpango. Kwa baadhi ya wanawake huongeza uzito, na uzito ndio unaovuta ngozi. Anayeona hivyo arudi kliniki azungumze nao, maana njia ziko nyingi.

NA DAWA JE?

Tunajua swali hili ndilo lililowafanya baadhi yenu kuruka mpaka hapa. Jibu si tamu. Hakuna mafuta yanayoifuta michirizi. Kovu liko chini, mafuta yanabaki juu. Siagi ya kakao, ambayo wanawake duniani kote huisifia, ilijaribiwa kwa wajawazito huko Lebanoni na matokeo kutangazwa mwaka 2008: waliojipaka siagi hiyo na waliojipaka krimu tupu walipata michirizi sawasawa. Mwaka 2012 wataalamu walikusanya majaribio mbalimbali ya krimu na mafuta kwa wajawazito, wasiione hata moja yenye ushahidi wa kutegemewa kwamba inazuia.

Mafuta yetu ya alizeti basi hayana kazi? Yanayo. Yanalainisha ngozi na kupunguza muwasho, na ni ya bei nafuu kuliko kopo lolote la dukani. Jipakeni tu, mradi msiyasifie kwa lisilo lake. Iko krimu ya jamii ya vitamini A ambayo daktari wa ngozi anaweza kuitoa kwa michirizi iliyo mipya, na husaidia kwa kiasi, lakini mjamzito haruhusiwi kuitumia. Iko na miale ya leza, ambayo ni ghali na nayo haiondoi yote. Mwenye shida kubwa ya ngozi anaweza kupewa rufaa hadi KCMC, Moshi, ambako kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwapo tangu mwaka 1992. Lakini kwa michirizi ya kukua tu, hatuoni sababu ya kuuza mbuzi kwa nauli. Itapauka yenyewe. Sidiria inayomtosha vizuri binti itampunguzia uzito na maumivu. Kumnyima chakula ili matiti yasikue ni ukatili usiosaidia kitu.

Kuna alama nyingine za kwenye titi ambazo watu huzichanganya na michirizi, nazo hazingoji. Ngozi iliyobonyea au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ambayo zamani haikuwa hivyo, damu kutoka kwenye chuchu, uvimbe mgumu kwenye titi au kwapani, titi moja kuwa jekundu na la moto. Kwa anayenyonyesha huweza kuwa jipu. Kwa wengine huweza kuwa saratani, ambayo ni adimu kwa mabinti, lakini kwetu sisi mama zao ni ya pili kwa wingi hapa nchini baada ya ile ya mlango wa kizazi. Alama hizo zipelekwe hospitali wiki hiyo hiyo, iwe ya mkoa, iwe Makiungu, iwe Itigi, yoyote iliyo karibu.

Muuguzi wa Ikungi hakumwambia mama kwamba michirizi ile ilitokana na krimu peke yake. Alisema binti ameongezeka uzito, na amejipaka dawa, na hakuna awezaye kusema kila mstari umeletwa na nini. Alimwomba binti ruhusa, ndipo akamwita mama ndani, na binti mwenyewe akaeleza. Aliambiwa aache mkorogo, na kwamba uso huenda ukawasha na kutoka vipele kwa wiki kadhaa baada ya kuacha; asidanganyike akarudia ili vitulie, bali arudi kituoni. Mama anasema alipomsikia mtoto akisema alitaka kuwa mweupe kabla ya siku ya kuvishwa pete, alitamani kulia. "Mimi mwenyewe," alituambia, "ndiye niliyekuwa nikimwambia tangu mdogo kwamba dada yake ni mzuri zaidi kwa sababu ni maji ya kunde."

Walirudi kwa miguu. Njiani hawakuzungumza sana. Nyumbani shangazi alikuwa ameketi chini ya mti akichambua mboga, anangoja habari. Mama alimkaribia, akaketi naye kwenye mkeka, akasema kwa sauti ambayo nyumba ya pili ingeweza kuisikia:

"Wifi, mtoto hana mimba wala hakuwa nayo. Ulilolisema juzi, naomba ulirudishe huko ulikolipeleka."

Kisha akamwonyesha kopo. Shangazi alilipokea, akalifungua, akanusa. Akakaa nalo mkononi muda mrefu, mboga zikimngoja.

"Wifi," akasema mwishowe, "mbona hii ndiyo anayojipaka na wa kwangu?"